UZI MREFU: Vitabu vilivyosalimishwa mwaka 303 na kanisa la Afrika lililopasuka vipande viwili kwa zaidi ya miaka 100

Wakuu habari zenu,

Humu kila baada ya muda lazima uibuke ubishi Ukristo uliingia lini Afrika. Mmoja anaanza na Krapf kutua Mombasa 1844, mwingine anaanza na mapadre wa Bagamoyo 1868, wa tatu anakuja kuwatukana wote wawili na mods wanafunga uzi. Leo sitaki huo ubishi. Nataka niwape kisa kimoja cha kanisa la Afrika Kaskazini, hapo zilipo Tunisia na Algeria za leo, kanisa lililokuwa na maaskofu kwa mamia enzi hizo sehemu kubwa ya Ulaya bado iko na mizimu yake, halafu likapasuka katikati. Kila mji maaskofu wawili, kila upande unajiita ndio kanisa katoliki la kweli, hawasalimiani, hawazikani. Na cha kushangaza hawakugombania Utatu wala Bikira Maria, waligombania nani aliwapa askari vitabu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mtu asije kusema nimemvizia. Wadonati (upande mmoja wa huo mpasuko, waliomkataa askofu kwa madai kwamba aliyemwekea mikono alitoa vitabu) walikuwa na swali zito sana ila mikono yao haikuwa misafi kuliko ya wenzao, na waliowashinda walikuwa na jibu zuri halafu wakalichafua wenyewe kwa kuita serikali. Haya twende.

Kwanza ujue vitabu kwa hawa watu vilikuwa na uzito gani. Tarehe 17 Julai mwaka 180 wakristo 12 wa kijiji cha Scilli, wanaume 7 na wanawake 5, walisimamishwa mbele ya liwali wa Kirumi pale Karthago. Maandishi ya kesi yao yapo mpaka leo, na ndiyo maandishi ya Kikristo ya Kilatini ya zamani kabisa yenye tarehe. Liwali akamuuliza msemaji wao, jina lake Speratus, kwenye hilo kasha lako kuna nini? Akajibu kuna vitabu na barua za Paulo, mtu mwenye haki. Wakapewa siku 30 wakafikirie, wakasema hakuna cha kufikiria, wakakatwa vichwa siku hiyo hiyo. Mwaka 203 akina Perpetua na Felista nao wakauawa uwanjani. Mwaka 258 askofu Sipriani wa Karthago naye upanga. Kwa hiyo hili ni kanisa ambalo mashujaa wake wote ni watu waliokataa, na siku za kuwakumbuka ndizo sikukuu kubwa. Ukikulia humo unajifunza tangu mtoto kwamba mkristo akibanwa anasema hapana, basi.

Baada ya hapo ikaja amani ya miaka kama 40 hivi. Makanisa yakajengwa, watu wakaongezeka, na maaskofu wakawa wengi, maana kule hata mji mdogo ulikuwa na askofu wake. Na amani ikiwa ndefu watu wanasahau, mnajua wenyewe.

Februari 303 mfalme Diokletiano akatoa amri: makanisa yabomolewe, Maandiko yachomwe moto. Angalia hapo, kwenye hiyo amri ya kwanza hawakusema kila mkristo auawe. Wamesema leteni vitabu. Ujanja mtupu, maana mtu aliyejiandaa maisha yake yote kukataa kuabudu sanamu hajajiandaa kukataa kutoa kitabu. Wengi wakajiambia ah, kitabu si Yesu mwenyewe, wacha nitoe nilinde waumini.

SASA SHUKA NAMI CIRTA

Tarehe 19 Mei 303, mji wa Cirta, leo unaitwa Constantine, Algeria. Mkuu wa mji, jina lake Munatius Felix, anafika na watu wake kwenye nyumba wanamosali wakristo. Yupo karani anaandika kila neno, na hayo maandishi yamebaki kwa sababu miaka 17 baadaye yalisomwa mahakamani. Nitawaambia kwa nini.

Askofu Paulo amekaa, mapadre wapo, mashemasi wapo, mashemasi wadogo wapo. Felix anasema toeni Maandiko na kila mlichonacho, ndiyo amri. Askofu anajibu Maandiko wanayo wasomaji, ila vilivyopo hapa tunatoa. Basi wakaanza kutoa na karani anaorodhesha: kalisi 2 za dhahabu, kalisi 6 za fedha, mitungi midogo 6 ya fedha, sufuria ya fedha, taa 7 za fedha, taa 11 za shaba na minyororo yake, halafu kanzu za kike 82, shela 38, kanzu za kiume 16, viatu vya kiume pea 13 na vya kike pea 47.

Hebu simama hapo kwenye pea 47. Hiyo ni stoo ya kusaidia maskini, na ukiangalia hesabu unajua wengi waliokuwa wanasaidiwa ni akina mama. Mimi orodha hii inanigusa kuliko mahubiri kumi, kwa sababu karani wa serikali hakuwa na nia ya kulisifia kanisa, yeye alikuwa anahesabu tu.

Wakaingia kwenye maktaba, makabati matupu. Hapo shemasi mdogo mmoja anaitwa Silvanus (shikeni hili jina) akaibuka na kasha la fedha na taa ya fedha, anasema nimevikuta nyuma ya mtungi. Jamaa mmoja aliyekuwepo akamwambia, ungekuwa maiti kama usingevipata. Wakaletewa kitabu kimoja kikubwa. Felix akauliza mbona kimoja? Mashemasi wadogo wawili, Catullinus na Marcuclius, wakajibu sisi hatuna zaidi, vitabu wanavyo wasomaji. Haya tuonyesheni wasomaji wanakaa wapi. Wakakataa, wakasema sisi si wasaliti, tuko hapa, amuru tuuawe. Wakakamatwa.

Lakini makarani wa mji walikuwa wanazijua nyumba. Wakapita mlango kwa mlango, huyu katoa vitabu 4, fundi wa mozaiki akatoa 5, mwingine 8, mwalimu wa sarufi Victor akatoa 2 na kurasa ambazo hazijashonwa, kwa mmoja mume hayupo mke akaleta 6. Jioni kanisa zima la Cirta limebaki bila Maandiko, na hakuna aliyepigwa hata kofi.

> Mkuu kwani kutoa kitabu ni dhambi gani, si wangechapa vingine?

Wangechapa wapi mzee, hiyo ni miaka zaidi ya 1,000 kabla ya mashine ya kuchapa. Kila nakala inaandikwa kwa mkono, gharama kubwa, na muumini wa kawaida hana Biblia nyumbani, anaisikia ikisomwa tu. Ukitoa vitabu vya kanisa umewanyamazisha wote. Halafu usisahau kuna waliokataa na wakafa kwa hilo hilo. Askofu wa Thibiuca, naye aliitwa Felix, aliulizwa akasema vitabu ninavyo ila sitoi. Akauawa. Sasa mjane wa aliyekataa atamtazamaje askofu wa mji wa jirani aliyetoa, akimwona Jumapili amenyoosha mikono anabariki watu?

Na maaskofu walikuwa na vijanja vyao pia. Mensurius wa Karthago alidai alificha Maandiko, akawaachia askari vitabu vya wazushi kanisani wavibebe. Mwingine alitoa vitabu vya utabibu. Askari wengi walikuwa hawajali, wanataka rundo la kuchoma waandike ripoti waende zao.

Mwaka uliofuata, 304, wakristo 49 wa Abitina walikamatwa wakisali nyumbani kwa mtu huku askofu wao mwenyewe akiwa ameshatoa vitabu. Ndio wale waliosema hatuwezi kuishi bila ibada ya Jumapili. Wakiwa gerezani Karthago wakatoa tamko: yeyote atakayeshirikiana na waliosalimisha vitabu hatakuwa na sehemu na sisi mbinguni. Upande uliokuja kuwa wa Wadonati ulisimulia kwamba Mensurius aliogopa fujo, akamtuma shemasi wake Caecilianus asimame na watu wenye viboko mlangoni pa gereza kuzuia chakula kisiwafikie. Hiyo habari imeandikwa na maadui zake kwa hiyo ipokee kwa tahadhari, ila iliaminiwa na wengi na ndiyo ilipanda chuki.

> Wote hao ni waarabu tu, Afrika gani hiyo unayosema?

Waarabu wameingia huko karne ya 7 mkuu, Karthago yenyewe imeanguka kwao 698. Hawa ninaowasema ni mchanganyiko wa wenyeji ambao leo tunawaita Waamazigh au Waberberi, watu wa asili ya Foinike na walowezi wa Kirumi. Lugha ya mjini Kilatini, vijijini Kipuniki na lugha za wenyeji. Hata Augustino, askofu wa Hippo ambaye mtamkuta mbele, miaka ya baadaye alipotafuta askofu wa kumpeleka kijiji cha Fussala ilibidi atafute kijana anayejua Kipuniki. Na Miltiades, askofu wa Roma, yaani papa, wa 311 hadi 314, alikuwa mwafrika. Mtaona umuhimu wake hivi punde.

UCHAGUZI ULIOHARIBU KILA KITU

Mensurius aliitwa Roma kwa kesi. Kabla ya kuondoka akawakabidhi wazee wa kanisa vyombo vya dhahabu na fedha wavitunze, ila kwa vile hakuwa mjinga akaandika orodha akampa bibi kizee mmoja, akamwambia nisiporudi mpe orodha hii atakayekalia kiti changu. Na kweli akafia njiani akirudi.

Akachaguliwa yule shemasi wake, Caecilianus. Haraka haraka, maaskofu wa Numidia (jimbo la jirani, lenye ile Cirta) hawajasubiriwa, na desturi ilikuwa mkubwa wao aje amweke wakfu askofu wa Karthago. Akawekwa wakfu na Felix, askofu wa Abthugni. Bibi akaja na orodha yake. Wazee wakaulizwa vyombo viko wapi. Kimya! Walikuwa wameshagawana. Kuanzia siku hiyo wazee wakawa wapinzani.

Halafu kuna Lucilla. Huyu mama alikuwa tajiri hasa na mwenye watu wake. Alikuwa na mfupa anaodai ni wa shahidi, anaubusu kanisani kabla ya kupokea ekaristi. Caecilianus alipokuwa shemasi alimkemea hadharani na mama akaondoka na aibu yake, hakusamehe. Sasa adui yake kawa askofu.

Mwaka 312 hivi maaskofu 70 wa Numidia wakashuka Karthago wakiongozwa na Secundus wa Tigisis. Wakamhukumu Caecilianus kwamba uaskofu wake ni batili kwa sababu Felix aliyemwekea mikono alisalimisha vitabu 303. Wakaweka askofu wao, Majorinus, ambaye alikuwa mtu wa nyumbani kwa Lucilla. Majorinus hakukaa sana akafa, akafuata Donatus, na hapo ndipo jina la Wadonati linapotoka.

Kama hoja yao ni usafi, tuwaangalie basi na hao 70 wenyewe. Kuna kumbukumbu ya kikao cha maaskofu wa Numidia kule Cirta, inawekwa mwaka 305, walikutana kumweka askofu mpya. Secundus huyu huyu akaanza kuwahoji mmoja mmoja, wewe vipi, ulitoa vitabu? Mmoja akakiri alitoa makaratasi. Mwingine akasema alizitupa Injili zote nne motoni kwa kulazimishwa, na zenyewe zilikuwa zimeshafifia. Ikafika zamu ya Purpurius wa Limata, huyu tuhuma yake ilikuwa nyingine, kwamba ameua watoto wawili wa dada yake. Purpurius akamgeukia Secundus, unadhani nitakuogopa kama hawa wengine? Niliua na naua wanaonipinga, na wewe mwenyewe ulipokamatwa ulitokaje bila kutoa chochote? Secundus akanywea. Wakakubaliana yote waachiwe Mungu, kikao kikaendelea. Wadonati baadaye walisema kumbukumbu hiyo ya kughushi, maana wakati wa mateso maaskofu wangekutanaje. Kila mtu apime. Mimi naiamini kwa sababu ya kitu kimoja, askofu waliyemweka Cirta siku zile ni Silvanus, yule wa kasha la fedha nyuma ya mtungi.

Na Silvanus hakusalimika. Mwaka 320 aligombana na shemasi wake Nundinarius, na shemasi aliyekasirika ni hatari maana anajua kila kitu. Nundinarius akampeleka mbele ya liwali Zenophilus, na pale ndipo yale maandishi ya 19 Mei 303 yakasomwa neno kwa neno. Ikatoka pia kwamba Lucilla alitoa mifuko 400 ya fedha, maaskofu wakagawana, maskini ambao jina lao lilitumika kuombea hizo hela hawakuona hata senti. Ikatoka na ya fundi wa kufua nguo aliyelipa mifuko 20 ili awe padre. Silvanus akapelekwa uhamishoni. Kwa hiyo mmoja wa waliomkataa Caecilianus kisa mikono iliyomwekea wakfu ilisalimisha, yeye mwenyewe alikuwa amesalimisha. Na Felix wa Abthugni? Uchunguzi wa serikali ulimkuta hana hatia, barua iliyotumika kumshtaki ilikuwa imeongezewa maneno na mtu anaitwa Ingentius.

> Na Konstantino alikaa kimya tu?

Konstantino ndio kwanza kashinda vita, kaanza kulipa kanisa hela na kuwasamehe mapadre mzigo wa kazi za lazima za mji, na barua yake ya fedha ilikwenda kwa Caecilianus. Mara anaambiwa Karthago kuna makanisa mawili. Na waliomfuata kwanza kumwomba aamue ni wapinzani wa Caecilianus wenyewe, Aprili 313, hili msilisahau tutakapofika mbele. Akawapa majaji, maaskofu watatu kutoka Galia (Ufaransa ya leo) na 15 wa Italia, Papa Miltiades yule mwafrika kwenye kiti, Oktoba 313. Wapinzani wa Caecilianus wakashindwa. Wakakata rufaa. Agosti 314 ukaitwa mtaguso mkubwa zaidi kule Arles, hadi kutoka Uingereza walikuja maaskofu. Wakashindwa tena, na Arles ikaweka kanuni: aliyewekwa wakfu na msaliti, yaani aliyesalimisha vitabu, daraja lake linasimama. Wakakata rufaa kwa mfalme mwenyewe, mwaka 316 naye akawapiga chini.

Akajaribu nguvu kuanzia 317, akanyang'anya makanisa, damu ikamwagika, 321 akachoka akawaacha. Ile Cirta ikajengwa upya ikapewa jina lake, akajenga na kanisa, mwaka 330 Wadonati wakalichukua. Unajua alifanya nini? Akawaambia wakatoliki basi nitawapa hela mjenge lingine. Mfalme wa dunia nzima!

Mwaka 347 mwanawe Constans akatuma wajumbe wawili, Paulus na Macarius, na sadaka za kugawia maskini. Donatus akawatolea uvivu: mfalme ana shughuli gani na kanisa? Sentensi kali na mimi naipenda, ila hapo hapo kumbuka nani alikuwa wa kwanza kupeleka kesi kwa mfalme. Macarius akaja na askari. Mdonati mmoja, Marculus, wafuasi wake wanasema alitupwa kutoka juu ya mwamba, na upande wao wakaendelea kuhesabu mashahidi. Hapo ndipo serikali ilipoharibu kabisa, maana ukiwapa watu ambao dini yao ni kuteswa mateso mapya umewathibitishia kwamba wao ndio kanisa la Sipriani.

Vijijini kulikuwa na vikundi vya watu wanaitwa Circumcelliones, wengi vibarua wa mashamba ya mizeituni, wanatembea na virungu ambavyo waliviita Israeli, wanawatisha wenye mashamba na wadai madeni, wanavunja makanisa. Salamu yao ilikuwa Deo laudes, sifa kwa Mungu, wakatoliki wao wanasema Deo gratias. Yaani kama kwetu, mtu akisema Bwana asifiwe au Tumsifu Yesu Kristo umeshajua Jumapili anaelekea wapi, ila kule ukijibu vibaya unakula rungu. Augustino anasema watu waliogopa hiyo Deo laudes kuliko ngurumo ya simba.

> Mkuu mimi nina swali la kweli. Mchungaji aliyenibatiza amekuja kugundulika ni tapeli, amekula hela za waumini. Ubatizo wangu unahesabika?

Ndugu yangu hilo ndilo swali lenyewe la uzi mzima, na pole kwa yaliyokukuta. Mdonati angekuambia hapana, mtu hawezi kukupa asichonacho, aliyekufa kiroho hawezi kukuzaa, njoo tukubatize upya. Na hapa wana ushahidi mzito, Sipriani mwenyewe mwaka 256 na maaskofu zaidi ya 80 walisema ubatizo wa nje ya kanisa si ubatizo, wakapishana na Stefano wa Roma. Kwa hiyo Wadonati hawakulitoa kichwani.

Augustino, askofu wa Hippo tangu kama 395, alijibu kwamba ubatizo si wa mchungaji ni wa Kristo. Petro akibatiza Kristo ndiye anayebatiza, na Yuda akibatiza Kristo ndiye anayebatiza. La sivyo hutakaa ujue kama umebatizwa, maana moyo wa mchungaji nani ameuona? Leo tapeli wako kagundulika, je ambaye hajagundulika? Jibu hilo ndilo lililoshika kwa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri hadi leo. Wapentekoste wanaorudia ubatizo mara nyingi sababu yao ni nyingine, ya utoto na maji mengi, usichanganye.

Mimi hapa nasimama na Augustino asilimia mia. Na Wadonati wenyewe walijikaanga. Miaka ya 390 walipasuka wao kwa wao, kambi ya Primianus na kambi ya Maximianus, kwenye mtaguso wa Bagai mwaka 394 maaskofu 310 wakawalaani akina Maximianus kwa maneno ya kutisha, halafu baadhi waliporudi wakapokelewa bila kubatizwa tena, hata wale waliobatizwa huko nje. Augustino hakuiacha hiyo hoja, kila barua anaichomeka.

Alitunga hadi wimbo wa kuwajibu, kila ubeti unaanza na herufi inayofuata ya alfabeti, una kiitikio, Kilatini chepesi, ili waumini wasiosoma waimbe tu. Siku moja Circumcelliones walimvizia njiani, aliyemwongoza akakosea njia wakapita kwingine, ndio pona yake.

> Augustino ni mtakatifu na mwalimu wa Kanisa, mbona unamtaja kama mwanasiasa?

Sijamvunjia heshima mkuu, nitasema alichosema mwenyewe. Kwenye barua kwa Vincentius, mwaka 408 hivi, anakiri kwamba mwanzoni aliona hakuna mtu wa kulazimishwa kuingia umoja wa Kristo, ni maneno na mjadala tu. Akabadilika kwa sababu ya mifano, na wa kwanza ni mji wake wa nyumbani, ambao anasema ulikuwa wote wa Kidonati ukageuka kwa kuogopa sheria za wafalme, na sasa huwezi hata kudhani ulikuwa hivyo. Akashika na lile neno la Luka 14 la walazimishe kuingia. Alipinga wasiuawe, hilo tumpe haki yake, aliandika mara kadhaa kuwaombea waliomuua padre mmoja na kumlemaza mwingine wasinyongwe. Lakini faini, kunyang'anywa makanisa, maaskofu uhamishoni, hayo aliyatetea, na karne nyingi baadaye watu wabaya kuliko yeye walikuja kuchukua hoja ile ile bila ile huruma. Jibu la ubatizo lilikuwa linatosha kusimama bila polisi.

KARTHAGO, JUNI 411

Mfalme Honorius akaitisha mjadala wa mwisho, akamtuma Marcellinus awe mwamuzi, rafiki wa Augustino. Hapo hata mimi ningekuwa Mdonati ningeguna. Tarehe 1, 3 na 8 Juni, ndani ya ukumbi wa mabafu ya Gargilius. Wakatoliki maaskofu 286, Wadonati karibu idadi hiyo hiyo, na hao Wadonati waliingia mjini mapema kwa maandamano kuonyesha wingi wao. Kila jina la askofu likasomwa, anasimama, mpinzani wake wa mji ule ule anatambulishwa, namjua huyo. Saa na saa zikaisha kwenye kuitana majina tu. Waandishi wa pande zote wananakili.

Wakakaribishwa kukaa. Wadonati wakakataa, imeandikwa kwenye Zaburi usiketi na waovu. Marcellinus naye akaamua kusimama kwa heshima. Hebu piga picha, wazee wa miaka 70 wamesimama kutwa mwezi wa sita Tunisia! Siku ya tatu ndiyo wakafika kwenye Caecilianus na Felix, watu waliokuwa wameshazikwa zamani. Usiku Marcellinus akasoma hukumu, Wadonati wameshindwa.

Mwaka 412 sheria ikaja, faini kwa cheo cha mtu, ukiwa mkubwa unalipa zaidi, watumwa na vibarua viboko. Na Marcellinus? Septemba 413 akashtakiwa kwamba alihusika na uasi wa Heraclianus, akauawa na serikali ile ile aliyoitumikia, Augustino akihangaika kumwombea bila mafanikio.

> Sasa walipotelea wapi hao Wadonati, mbona leo hawapo?

Waliendelea kimya kimya. Mwaka 429 Wavandali wakavuka kutoka Hispania, 430 wakaizingira Hippo na Augustino akafa humo Agosti 28 mji ukiwa umezingirwa, 439 wakaichukua Karthago. Hao walikuwa Waario, wakristo wasiokubali kwamba Kristo ni sawa na Baba, wakawatesa wakatoliki kwa sheria zile zile zilizotungwa dhidi ya wazushi, wamebadilisha tu jina la mwenye kosa. Wabizanti wakairudisha 533. Miaka ya 590 Papa Gregori bado anaandika barua akilalamika Wadonati wa Numidia wanabatiza watu upya, yaani karibu miaka 300 tangu ile siku ya Cirta. Baada ya hapo wakaja Waarabu, na baada ya hapo hata waliowashinda Wadonati hatuwasikii tena sana.

Anayepita Algeria aende Timgad, magharibi ya mji wa kale kuna mabaki ya kanisa kubwa la Kidonati na kisima chao cha ubatizo chenye mozaiki.

Ya Wavandali na Waario nitayafungulia uzi wake, hapa yatachanganya. Waliouliza kuhusu Sipriani na vyeti vya kutoa sadaka kwa miungu mwaka 250 nitawajibu hapa hapa nikipata bando.